Magari ya Kulala Yalipokuwa Yakisimama Ipinda

Kabla ya lami, ilikuwa vigumu gari la wageni kufika Matema bila sisi wa Ipinda kulijua. Liwe limetokea upande wa Kyela kupitia Kikusya, au limeteremka kutoka Tukuyu kwa njia ya Masoko, lilifika sokoni kwetu limepakwa tope hadi vioo, na dereva akauliza kama mbele kunapitika. Jibu lilitegemea mwezi. Machi na Aprili, mvua ya Kyela ikishika, mito hufurika hadi majaruba na barabara vikawa ziwa moja, na wazee walimwambia mgeni azime injini, asubiri.

Ndivyo tulivyozoeana na magari ya kulala. Mengi yalikuwa Landrova zenye hema juu ya paa, na mara chache lori zima lililogeuzwa nyumba, la Wazungu waliokuwa wanaishuka Afrika kutoka kaskazini, wakielekea Malawi kwa mpaka wa Kasumulu. Walishasimuliwa habari za Matema: mchanga wa ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na Milima ya Livingstone iliyosimama wima juu ya maji ya ziwa ambalo kina chake hufika mita 700. Kwa habari hizo walikuwa tayari kulala njiani siku yoyote.

Lori ninalolikumbuka kuliko yote ni la mume na mke wa makamo, Wafaransa, lililozama jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Vijana wa mashine walileta pumba kwa viroba wakazimwaga mbele ya matairi. Zikanywa maji, tairi likashika kidogo, likateleza, zikamwagwa nyingine. Jua lilikuwa linazama lori lilipopanda penye ardhi ngumu, uani kwa shangazi yangu, na lori na watu wote tulikuwa tumetapakaa pumba. Shangazi hakuuliza kitu. Aliinjika mbalaga, ndizi zetu za kupika, akaipeleka ya moto.

Yule mama akamkaribisha ndani, nami nikapenya nyuma ya khanga yake. Jiko la gesi la mafiga mawili. Sufuria zimefungwa mikanda zisianguke kwenye makorongo. Kitanda juu ya kichwa cha dereva, na vitabu vimebanwa kwa ubao. Shangazi alivishika vitu kimoja kimoja, pazia, bomba, kitasa cha kabati, kwa namna mtu anavyokagua nyumba anayotaka kuihamia.

Ukutani palikuwa na picha ya mji wao, Aigues-Mortes, kusini mwa Ufaransa. Ukuta wa mawe umeuzunguka wote, una minara na malango. Kwa Kiswahili cha kuokoteza njiani, mzee alieleza kuwa Mfalme Louis wa Tisa alipandia meli pale mwaka 1248 akienda Vita vya Msalaba, kwamba ukuta ulijengwa baada yake, na kwamba bandari ile ilijaa mchanga bahari ikabaki mbali. Gari kama lao, alisema, huachwa nje ya lango, kila mtu akaingia kwa miguu.

"Na mgeni akifika usiku?" shangazi akauliza.

Zamani malango yalifungwa, akajibiwa, sasa hayafungwi.

"Basi kwenu ni mawe, kwetu ni matope," shangazi akasema, akamjazia sahani.

Ukuta pekee niliokuwa nimeuona wakati ule ni wa boma la Tukuyu. Wajerumani walianzia huku chini ziwani, Langenburg, mwaka 1893, kisha wakauhamishia mji mlimani penye hewa baridi na kujenga boma pale. Kwangu ukuta ulikuwa kitu cha kumtisha mtu. Sikuwa nimewaza kwamba watu huweza kuupenda ukuta wa kwao, wakaubandika picha juu ya kitanda.

Lori lilibaki uani, wao wakaenda Matema kwa baiskeli za abiria, wapate gulio la vyungu la Jumamosi pale Lyulilo. Vyungu huja kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kazi ya mikono ya kina mama wa Kikisi, ambao hufinyanga bila gurudumu. Mnunuzi anayejua hukigonga kwa kifundo cha kidole: kizima hulia, chenye ufa hukwama sauti. Walirudi na kimoja kikubwa, kimefungwa kwa majani makavu ya mpunga, wakakilaza kitandani, wenyewe wakalala sakafuni.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 ndipo lami ya Kikusya, Ipinda hadi Matema, km 39.1, ilipoanza kuonekana kweli. Sitamani tope lirudi. Namjua mama aliyebebwa kwa machela ya miti mvua ikinyesha akiwa na uchungu wa kuzaa. Leo angefika hospitali ya Matema kwa pikipiki. Mpunga na kokoa hupakiwa bila kuomba hali ya hewa. Lakini vyungu navyo sasa hupandishwa kwenye kanta moja kwa moja hadi Mbeya, na magari ya kulala yanaipita Ipinda kwa mwendo wa kubadilisha gia. Wanakwenda ufukweni, wanaogelea, wanaondoka, na wali walioula Matema hawajui umekobolewa wapi.

Hilo linaniuma, kwa sababu Ipinda ina cha kuonyesha. Kokoa ikianikwa hunukia mtaa mzima. Watu wa Aigues-Mortes wamegundua kwamba mgeni akiteremka kwenye gari ndipo anapouona mji, anakula, ananunua. Hawakuhitaji matope kumteremsha, wametenga mahali pa kuegesha. Nasi tunaweza kutenga kiwanja chenye kivuli, choo safi na bomba karibu na soko.

Kwa sasa wanaosimama ni wapanda baiskeli wa masafa marefu, waliochomwa na jua la bondeni. Binamu yangu, bintiye shangazi, amewaona. Amechora kibao kwa rangi nyeupe akakiegemeza kwenye mwembe: mbalaga, maji ya kunywa, mahali pa hema. Bei ya hema bado hajaiandika, anasema atasikia kwanza wao wanasemaje.