Weka Ile ya Haraka, Nani Atajua?

Mimi nasoma ualimu, Fizikia na Hisabati. Chipu za kompyuta si fani yangu. Ila mwenzangu wa chumbani yuko uhandisi wa kompyuta, na muhula huu projekti yake imekuwa ya chumba kizima, maana ndiyo inayokula soketi yetu moja.

Alikuwa anapima jambo linaloonekana dogo: prosesa zikiongezwa kutoka nne hadi nane kwenye chipu, programu ileile itakimbia zaidi kwa kiasi gani? Huwezi kutengeneza chipu ili ujue tu, kwa hiyo unaiigiza ndani ya kompyuta. Yeye anatumia gem5, programu ya bure ambayo watafiti wengi wanaitumia. Kasheshe ni muda. Ukitaka uigizaji wa kina, unaofuata kila amri na kila foleni ya memori, sekunde moja ya chipu halisi inaweza kula siku nzima au zaidi. Kuna njia ya haraka pia: prosesa ikiomba data inajibiwa papo hapo, kana kwamba hakuna mwingine aliyeomba.

Siku nne kabla ya kuwasilisha, umeme ukakatika. Betri ya laptopu yake ni ya jina tu. Siku mbili za uigizaji wa kina zikapotea, na hakuwa amehifadhi popote pa kuanzia tena.

Mimi ndiye niliyesema, "Mwanangu, weka ile ya haraka, nani atajua?"

Akaweka. Jioni ileile majibu yote 12 yakawa mezani. Nilimchorea grafu mwenyewe: prosesa nane zilikuwa na kasi mara 1.9 ya nne. Mstari umenyooka, unapendeza. Tukalala.

Saa nane usiku akaniamsha. "Oya, prosesa nane, mlango wa memori mmoja. Zinasubiriana wapi?"

Nikawaza kantini yetu saa saba mchana. Waje wanafunzi wanne au wanane, anayepakua wali ni yuleyule mmoja. Kwenye grafu yangu kila mtu alifika akakuta sahani imeshajaa.

Sikulala tena, na si kwa sababu ya chipu tu. Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana nilisahihisha mtihani wa kidato cha tatu kwa kuangalia jibu la mwisho tu, kwa sababu alama zilitakiwa Ijumaa. Binti mmoja alikosea alama ya kutoa kwenye mstari wa mwisho, nikampa sifuri. Aliyenakili kwa jirani akapata zote. Binti aliniletea karatasi, hakusema kitu, akanionyesha tu hatua zake kwa kidole. Matokeo yalikuwa yameshasomwa mbele ya darasa.

Asubuhi tukaanza upya, safari hii kwa kuchanganya. Njia ya haraka aliitumia kuwasha Linux tu, hadi pale programu inapoanza, akahifadhi hali ya mashine. Kutoka hapo akaendelea kwa kina, na mzigo akaupunguza. Vipimo vya mwanzo alivitupa, kwa kuwa kashe ilikuwa bado tupu na ingemdanganya.

Kwa muda uliobaki alipata majibu matatu kati ya 12. Ile 1.9 ikashuka hadi 1.3.

Jopo lilimuuliza mengine tisa yako wapi. Akaeleza, hakuficha hata ile grafu ya kwanza. Wakamkata alama za kutokamilisha na kumpa wiki mbili za marekebisho. Mimi nilikaa nyuma kabisa, naangalia viatu vyangu.

Mpaka naandika hapa, mashine inaunguruma, iko kwenye jibu la saba. Nimepigwa marufuku kuchomeka pasi.