Nyigu wa mkuyu wa kapela yetu

Nyuma ya kapela yetu, huku kando ya Tanganika, pana mkuyu mkubwa. Chini yake ndipo tunapofundisha katekismu kila mara paa la kapela linapovuja, yaani mara nyingi. Mwaka jana wazee wa halmashauri walitaka kuukata. Walisema mbao zake zitatoa mabenchi, tena makuyu yake yamejaa wadudu, na watoto wanayala wadudu na yote. Nasi, kwa kuwa tulipita seminari, tukaombwa kusema neno.

Tulisema kwa furaha, maana jambo lenyewe ni la ajabu. Kuyu si tunda kama embe. Ni mfuko, na maua yote yamejificha ndani. Nyigu jike, mdogo kama chembe ya ulezi, huingia kwa mlango mwembamba ulio kwenye ncha. Mlango humbana hata mabawa yake hukatika, na nje hatoki tena. Humo ndani hutaga mayai katika maua mengine, na kila ua lililotiwa yai huvimba, likawa kinundu, chumba cha mtoto mmoja. Maua mengine huyapaka chavua, yaani unga wa maua aliokuja nao, nayo huzaa mbegu. Watoto wakikomaa, madume hutoka kwanza. Hawana mabawa. Huwaendea majike wangali vyumbani mwao, kisha hutoboa njia katika ukuta wa kuyu, na kazi hiyo ikiisha maisha yao yameisha. Majike hujaza unga katika mifuko midogo iliyo kifuani, hupita katika tundu lile, na kuruka kutafuta mkuyu wenye makuyu machanga. Pasipo nyigu, mkuyu hauna mbegu.

Basi tukamaliza kwa kusema: "Wazee, kila nyigu mnayemwona akitoka humo ni mtumishi wa mti huu." Neno hilo liliwapendeza. Shoka likarudishwa nyumbani.

Juma lililofuata msichana mmoja wa katekismu alituletea kuyu lililopasuka, akauliza: "Mwalimu, na huyu mwenye mkia?" Tukamjibu: "Ni yule yule, mama. Amekomaa zaidi." Twaungama kwamba hatukutazama hata kidogo. Mvua ilikuwa inakaribia, nasi tulikuwa na haraka.

Usiku tukamkumbuka padri mmoja mzee, Mbelgiji, aliyetufundisha viumbe seminarini. Siku moja alileta kidude kikavu, cha mviringo kama gololi, chenye tundu dogo. Alisema ni uvimbe wa mti wa mwaloni wa kwao Ulaya, unaoota nyigu anapotia yai katika chipukizi, na kwamba wino wa vitabu vya zamani ulipikwa kwa vinundu vya namna hiyo pamoja na chumvi ya chuma. Halafu alituuliza nani ametoka katika tundu lile. Sote tukajibu: nyigu aliyeujenga. Akacheka. Alisema mwaloni una nyigu wapangaji wasiojua kujenga, ambao hutaga katika uvimbe wa wenzao, na wengine wabaya zaidi, ambao watoto wao humla mwenye nyumba. Anayetoka mlangoni asihesabiwe kuwa ndiye mjenzi mpaka ametazamwa mwili wake. Somo hilo tuliliandika kwa mwandiko mzuri, kisha tukalisahau.

Asubuhi tukachuma makuyu yaliyokuwa tayari, lakini bado hayajatobolewa. Tukayatia katika chupa na kufunga mdomo kwa kitambaa. Walipotoka nyigu tuliwamwaga juu ya sahani nyeupe, tukawatazama kwa kioo cha kukuza. Wenye mkia walijitenga upesi. Ule si mkia, ni sindano ya kutagia. Wala wao si ukoo mmoja: wengine hawaingii kabisa, husimama juu ya ganda na kutoboa toka nje. Wengine huingia kwa mlango wa kawaida, lakini hawana mfuko wa unga. Hao wataalamu huwaita Sycophaga sycomori. Ndio wanaokaa katika mikuyu ya Misri na ya Nchi Takatifu, na mletaji wa chavua hayuko kule. Watu wa kule tangu kale walichanja makuyu kwa kisu ili yaive upesi, na mti hupandwa kwa vijiti kwa kuwa mbegu hazipatikani. Ndiyo kazi ya nabii Amosi aliyejiita mtunza mikuyu.

Waliobaki sahanini tuliwaona wote sawa. Tulipumua. Hata hivyo tukawapeleka kwa mwalimu wa sayansi wa sekondari, mwenye mikroskopu. Akatafuta mifuko ya kifuani. Wengine walikuwa nayo imejaa unga. Wengine walikuwa nayo, lakini mitupu.

Huko Kenya, Galil na Eisikowitch waliandika habari za mkuyu mwaka 1968. Mletaji wa unga ni Ceratosolen arabicus. Ndugu yake, Ceratosolen galili, aliyepewa jina na Wiebes mwaka 1964, huingia katika kuyu lile lile na kutaga vilevile. Mifuko anayo, ila haitii kitu. Alirithi vyombo vya kazi, akaacha kazi. Lakini mfuko mtupu peke yake si ushahidi, maana hata mtumishi mwema aweza kukosa unga siku hiyo. Kwa hiyo katika daftari tuliandika: "galili, yaonekana," na mwalimu akakubali neno la pili libaki.

Ikatupasa kurudi mbele ya wazee. Hatukupenda. Tuliogopa kwamba tukisema tulikosea, shoka litarudi. Tulieleza yote, mifuko mitupu pamoja na wenye mkia.

Mzee mmoja akauliza: "Mwalimu, kumbe wako wanaokula bure?"

"Wako, baba."

"Na wanaobeba, wako?"

"Wako. Tumeuona unga wao kwa macho."

Akaomba kioo. Alitazama sahani muda mrefu, akigeuza kichwa kama mtu anayesoma barua ya mbali. Kisha akauliza tena kama wenye mkia huuma watoto. Tukasema hapana. Shauri la mabenchi likaahirishwa mpaka kiangazi, na kiangazi kilipofika hakuna aliyelitaja.

Yule msichana tulimwita mbele ya wenzake, tukamwambia kwamba swali lake lilikuwa sahihi na jibu letu la uongo. Aliinamisha kichwa kwa haya. Siku hizi kioo chetu hukaa kwake kuliko kwetu, na Jumamosi iliyopita alikuja na nyigu mwenye sindano ndefu kupita wote, wa rangi tusiyoijua.