Rangi ilipobanduka, baba akajifunza kumsikiliza mwanawe

Tepu ya karatasi ilipovutwa ukutani, haikutoka peke yake. Ilitoka na rangi. Kipande kirefu cheupe kilibanduka taratibu kama ganda la ndizi mbivu, na nyuma yake ukuta wa zamani ukaonekana vilevile ulivyokuwa: wa kahawia, wenye michoro ya mbao, unang'aa.

Baba alijaribu upande wa pili, karibu na dirisha. Ikawa hivyohivyo. Akakwaruza kwa ukucha. Rangi ikakunjamana na kudondoka sakafuni.

Mlangoni alikuwa amesimama kijana wake wa miaka 16. Hakusema neno. Ukimya huo ndio uliomuuma baba zaidi, kwa sababu wiki moja kabla kijana huyo alikuwa amemweleza kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei, nyuma ya nyumba yao katika kitongoji kimoja nje ya Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani. Baba ni mzaliwa wa Mwanza, dereva wa malori ya masafa marefu. Mama ni wa Tanga, na anafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Wana watoto wawili, huyo kijana na mdogo wake wa kike mwenye miaka minane.

Karavani waliinunua kwa jirani mstaafu. Ni ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa nyuma ya gari, yenye vitanda, jiko, meza na friji ndani. Hiyo yao ilitengenezwa mwaka 1988 na ilikuwa imekaa uani miaka mingi bila kusogea. Ndani ilikuwa giza. Kuta za kahawia, makabati ya kahawia, mapazia ya kahawia. Lakini ilikuwa rahisi, na baba alikuwa na sababu yake.

Alitaka mwezi Julai awapeleke watoto Ziwa Superior, mwendo wa kilomita 250 hivi hadi mji wa Duluth, kisha mbele zaidi kwenye fukwe za mawe. Ziwa hilo ndilo kubwa kuliko yote ya maji baridi duniani kwa eneo, takriban kilomita za mraba 82,000. La pili ni Victoria. Mtu aliyekulia Mwanza, akisimama pale na kuona maji yasiyo na mwisho na miamba pembeni, moyo wake unajua uko wapi.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuitamka. Tangu mwezi Februari, yeye na mwanawe walikuwa hawazungumzi.

Hawakugombana kila siku. Ingekuwa afadhali. Shule ilituma ujumbe kwamba kijana ameanguka hesabu, na ujumbe ukamkuta baba barabarani. Aliporudi nyumbani Ijumaa usiku, hata begi hajaliweka chini, alisema maneno makali mbele ya mama na mdogo mtu. Alimwambia kwamba yeye anakesha barabarani kwa ajili ya mtu asiyejali. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani. Kuanzia siku hiyo kila swali la baba lilijibiwa kwa neno moja: "Sawa." Umekula? Sawa. Shule vipi? Sawa.

Mama ndiye aliyetoa wazo.

"Mume wangu, usimwite kikao tena," alisema. "Mpe kazi mfanye pamoja. Mikono ikishughulika, mdomo utafunguka wenyewe."

Basi baridi ilipopungua, kazi ikaanza. Rangi haitaki kupakwa kwenye baridi kali. Makopo mengi ya rangi ya maji yanaelekeza isipungue nyuzi joto 10, na Minnesota hali hiyo huanza kutegemewa mwezi Mei.

Kijana aliichukua kazi kwa namna ambayo baba hakuitarajia. Alitazama video usiku kucha. Siku ya kwanza, kabla ya yote, alizunguka ndani akibonyeza kuta kwa kidole gumba, hasa pembeni mwa madirisha na chini ya matundu ya hewa ya darini. Kwenye kona ya nyuma kidole kikazama. Plaiwudi ilikuwa imeoza kwa maji ya mvua yaliyopenya kwenye maungio ya paa. Alieleza kwamba ukipaka rangi juu ya ukuta unaovuja, unaficha ugonjwa tu. Baba alikubali. Wakaziba paa, wakakata kipande kilichooza, wakaweka kipya.

Mama naye alikuwa na lake. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye madini ya risasi mwaka 1978, na karavani yao ilitengenezwa miaka 10 baadaye. Hata hivyo, alitaka rangi yoyote ya zamani ipimwe kabla ya kupigwa msasa, kwa kuwa vumbi lenye risasi huathiri ubongo wa mtoto. Alinunua kipimo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, wakapima fremu ya mlango iliyokuwa imepakwa na mtu. Haikuonyesha risasi.

Tatizo likaja kwenye kuta zenyewe.

"Baba, hizi si mbao," kijana alisema. "Ni plaiwudi nyembamba iliyofunikwa na karatasi yenye picha ya mbao, na juu yake kuna utelezi. Rangi haishiki. Inabidi tuoshe mafuta ya jikoni, tupige msasa kidogo bila kutoboa karatasi, halafu tupake praima ya kushikilia. Ndiyo rangi ifuate."

"Itachukua siku ngapi?"

"Labda wikiendi mbili."

Baba alikuwa na siku moja. Jumapili usiku alitakiwa kuwa barabarani kuelekea Nebraska. Zaidi ya hapo, kuna kitu kilimchoma. Akiwa na miaka 12 alipaka nyumba ya baba yake Mwanza, chumba kwa chumba, kwa chokaa na brashi ya katani. Leo mtoto aliyezaliwa hapa, ambaye hajawahi kushika brashi, anamfundisha.

"Mimi nimepaka rangi kabla mama yako hajanijua," alisema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leta rola."

Kijana alileta rola, akaiweka mlangoni, akarudi ndani ya nyumba.

Baba alipaka peke yake mpaka saa sita usiku. Ilipendeza. Alizima taa akiwa na furaha ya mtu aliyethibitisha jambo, akaondoka kesho yake na tepu zikiwa bado zimebandikwa kwenye madirisha na makabati. Aliporudi Jumamosi akazivuta.

Sasa alikaa kwenye ngazi ya karavani, kipande cha rangi mkononi. Binti mdogo, aliyekuwa akicheza karibu, alikitazama kipande kile, akamtazama baba yake, akauliza bila ubaya wowote: "Baba, kwani mkubwa naye akikataa la mdogo, guu linavunjika?"

Mama, aliyekuwa amekaa barazani na kikombe cha chai, aligeuza uso pembeni.

Baba angeweza kukasirika. Angeweza pia kusema rangi ni mbovu, au dukani wamemdanganya. Wanaume wengi wa rika lake hawajawahi kumsikia baba zao wakiomba radhi kwa mtoto. Yeye mwenyewe hakuwahi. Aliyajua maneno hayo kwa kuyasema kwa mabosi, kwa mkewe mara chache, kwa askari wa barabarani. Kwa mwanawe hakuwahi kuyatumia.

Alimwita kijana, naye akaja, akasimama mbali kidogo.

"Mwanangu, uliniambia. Sikukusikiliza kwa sababu wewe ni mtoto na mimi ni baba. Nilikosea. Nisamehe."

Kijana alitazama chini. "Sawa, Baba," alisema. Lakini safari hii hakuondoka. Baada ya muda aliongeza, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, kwamba lile la hesabu alitaka kumwambia yeye mwenyewe kabla shule haijaandika. Alipiga simu siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza baba alikuwa usingizini, ya pili alisema, "Nipo barabarani, kama si dharura subiri." Naye akasubiri. Ujumbe wa shule ukatangulia.

Baba aliikumbuka ile simu. Alikumbuka hata kituo cha mafuta alichokuwa. Hakukumbuka kuuliza ni jambo gani.

Hakutafuta la kujitetea. Alinyanyuka, akasema, "Haya, fundi. Tunaanzia wapi?"

Walianzia kwenye kubandua. Kazi ya usiku mmoja iliwachukua Jumamosi hiyo na nusu ya Jumapili kuiondoa, kwa vikwaruzo vya plastiki na maji ya uvuguvugu. Kisha wakaosha kuta kwa sabuni ya kukata mafuta, na ndoo ya kwanza ya maji ilitoka ya njano kwa moshi na mafuta ya miaka yote hiyo. Wikiendi iliyofuata wakapiga msasa namba 150, mkono mwepesi, kiasi cha kuondoa mng'ao tu, barakoa usoni.

Praima waliyochagua ilikuwa yenye spiriti, inayoshika kwenye utelezi na kuzuia madoa ya zamani yasitokeze juu. Mvuke wake unashika moto haraka. Friji ya karavani ya aina hiyo hutumia gesi na inaweza kuwa na kimoto kidogo kinachowaka nyuma bila mtu kukiona. Kwa hiyo kijana alifunga valvu ya mtungi nje, akahakikisha hakuna kinachowaka, madirisha yote yakafunguliwa, feni ikawekwa mlangoni ikiwa imeunganishwa kwa waya wa kutoka nyumbani. Binti mdogo alikatazwa kuingia mpaka harufu iishe. Alipewa kazi ya kuchagua rangi: kuta za maziwa, milango ya makabati bluu.

Nyufa ndogo za maungio walizijaza kwa ziba ya kunyumbulika, kwa sababu karavani ikienda inatikisika, na kitu kikavu kingepasuka kilomita ya kwanza. Ndipo rangi ikapakwa, mara mbili, na tepu zikavutwa mapema kabla haijakauka kabisa. Zilitoka peke yake. Makabati yaliachwa wazi kwa wiki kadhaa, kwani rangi ya maji hukauka kwa kugusa ndani ya saa chache lakini huchukua hata mwezi kuwa ngumu kweli.

Katika saa hizo zote hawakuongea mengi. Walisema nipe brashi, sogea, hapo umeruka. Kijana alijifunza neno "msasa". Baba alijifunza kwamba mwanawe hapendi hesabu zenyewe, ila anapenda kupima, na mwalimu wa ufundi shuleni amemwambia ana jicho. Hesabu aliirudia wakati wa likizo. Baba, akiwa barabarani, alianza kumpigia yeye badala ya kungoja apigiwe, jioni, gari likiwa limeegeshwa.

Mzazi anayesoma haya huenda hana karavani wala hatakuwa nayo. Lakini wengi wana ukuta mmoja nyumbani waliopaka juujuu kwa haraka, ukang'aa, wakaondoka. Mtoto anajibu "sawa", nyumba imetulia, na mzazi anadhani mambo yamekwisha. Kuosha na kupiga msasa kunachosha, na hakuonekani kazi ikiisha. Bila hiyo, hakuna kinachoshika.

Mwezi Julai walifika ziwani. Usiku wa kwanza mvua ilinyesha kubwa. Wote wanne walilala macho wakisikiliza matone yakipiga paa, na kijana aliwasha tochi mara mbili kumulika kona ya nyuma. Ilikuwa kavu.

Alipoizima, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza gizani kwa Kiswahili chake cha kuungaunga:

"Baba, ile nyumba ya babu Mwanza. Chokaa mlikuwa mnachanganya na nini?"

Baba alijigeuza kwenye kitanda chembamba, akaanza kusimulia.