Kilo, sado na kile kilima cha juu

Hivi wadau, kilo moja ya mchele ni vikombe vingapi? Ukiwa Sinza au Kijitonyama swali hili halikuumizi kichwa. Mangi kashakupimia dukani, wewe ni kuosha na kuinjika tu. Lakini ukipanda huku juu, kuanzia Katesh mpaka Dongobesh, kuna sado, kuna debe na kuna mizani ya duka, na vitatu hivi havielewani hata kidogo. (Sado ni ile ndoo ndogo ya rangi, lita 4. Rangi ya Sadolin imekwisha zamani, jina limebaki.)

Basi nikakaa na kalkuleta ya simu. Lita moja ya mchele mkavu ina gramu 800 na ushee. Kwa hiyo kikombe cha mililita 250 ni kama gramu 200, na kilo ni vikombe vitano hivi. Sado iliyosawazishwa kwa kijiti ni kilo 3.2 mpaka 3.4. Ndoo ya lita 20 ni kilo 16 au 17, ndiyo maana ndoo sita zinakaribia gunia la kilo 100. Na kwa kuwa mchele ukiiva unajaa kama mara tatu, sado moja inakupa sahani 30 hivi. Mkiwa na msiba, anzieni hapo.

Maji nayo yana mambo yake. Mbulu mjini ni zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Povu utaliona, lakini joto si lile la Dar. Mchele unakaa jikoni muda mrefu, na maji yanaishia hewani. Mama aliyenikaribisha Katesh huongeza nusu kikombe kwa kila vikombe viwili vya mchele, halafu anapalia makaa juu ya mfuniko. "Mwanangu, usitazame povu, onja," aliniambia.

Kilichonikera kiko sokoni. Kwa mama huyu mchele ni wa kununua, unatoka Magugu huko bondeni Babati, na dukani unapimwa kwa mizani. Punje zikizidi zinarudishwa kwenye gunia mbele ya macho yake. Pesa ya mchele huo inatokana na maharage yake, ambayo mnunuzi anayachukua kwa sado, tena sado yenye kilima juu! Nilipima: mdomo wa ndoo sentimita 18, kilima sentimita 5. Hiyo ni zaidi ya lita 0.4, yaani gramu 300 na kitu. Kwa kila sado kumi, ya kumi na moja inaondoka bure. Huko mjini maharage hayohayo yanauzwa kwa kilo, na hapo hakuna kilima.

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura 340, na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002. Lumbesa imepigwa marufuku, gunia la mazao lisizidi kilo 100, tumeandika magazetini mpaka wino umekauka. Ila lumbesa inaonekana barabarani, imevimba juu ya lori. Kilima cha sado kinamwagwa kwenye gunia dakika hiyohiyo, utakikamata wapi?

Nikamuuliza, mama, kwa nini usipitishe kijiti juu?

"Nikipitisha, anahamia kwa jirani. Jirani naye ana ada ya mtoto."

Sikuwa na jibu. Sasa nasikia yeye na wenzake watano wa mtaa ule wameanza kuchanga wanunue mizani ya kuning'iniza, wamekubaliana kwamba asiuze mtu bila mizani hiyo. Pesa karibu inatimia. Wanachobishania ni itakaa nyumbani kwa nani.