Kutembea Bila Haja

Miaka yote ya ndoa yetu tumepita njia za Kamina kwa haja tu: sokoni, shambani, matangani. Mume hutangulia, mke hufuata na mzigo. Juma lililopita tulifunga mlango, tukatoka bila kikapu.

Jirani akashtuka: «Mna msiba gani?» Tukamjibu: «Hakuna, mama, twatembea tu.» Akacheka sana.

Tulipita polepole chini ya miembe, tukanunua karanga, hata tukafika stesheni. Hapo reli hugawanyika: moja yaenda Lubumbashi, moja Ilebo, iliyokamilika mwaka 1928, na moja Kabalo, iliyokamilika mwaka 1956. Tukaketi kuitazama ile ya Lubumbashi. Kwa njia hiyo aliondoka mtoto wetu wa mwisho, na tangu siku ile nyumba yetu ilikuwa kimya. Kila mmoja alimficha mwenzake huzuni yake. Pale stesheni ndipo tulipolitaja jina lake kwa mara ya kwanza, tukalia kidogo, tukamaliza karanga.

Tulirudi bega kwa bega. Wapenzi wasomaji, tulidhani kutembea bure ni kupoteza siku. Kumbe usiku ule tulizungumza hata taa ikaishiwa mafuta.