Kumi ya Spice na tatu yetu

Wapendwa, tuanze kwa kukiri kabla hamjasikia kwa wengine: albamu ya Spice tunayo kwenye simu ya ofisini, na huwa tunaipiga oda zikizidi. Sisi ni mafundi cherehani watatu hapa Kyela mjini, wote wanakwaya. Jumapili simu inazimwa. Na yapo maneno humo ambayo hayafai kutafsiriwa. Kinachotuokoa ni kwamba wateja wetu hawajui patwa ya Jamaika, na sisi wenyewe tunaokota neno moja moja.

Dansiholi hapa si ngeni. Mpaka wa Kasumulu uko karibu, Malawi wanaipenda, na vijana wa bodaboda wanarudi nayo kutoka huko. Ndivyo tulivyomjua huyu dada, jina lake halisi Grace Hamilton. Mwaka 2009 wimbo aliouimba na Vybz Kartel ulivuma sana, watu wakakaa kusubiri albamu. 2014 ukavuma mwingine, "So Mi Like It", albamu hakuna. Anajaza kumbi, anaonekana kwenye televisheni za Marekani, na mkataba anao, ila albamu ya kwanza haitoki. Mwishowe akaanza kulalamika hadharani kwamba yeye na kampuni yake ya muziki hawaelewani.

Ilitoka tarehe 6 Agosti 2021, sikukuu ya uhuru wa Jamaika. Akaiita 10, kwa ile miaka kumi ya kungoja. Humo umo "Go Down Deh", aliouimba na Shaggy na Sean Paul. Ikawania hadi Grammy ya albamu bora ya rege, tuzo wakachukua SOJA.

Kijana wa bodaboda alipotueleza maana ya hiyo kumi, cherehani zote tatu zilinyamaza. Sisi tulikuwa kwenye mwaka wa tatu.

Mkataba wetu ulikuwa karatasi moja. Mfanyabiashara mmoja, hatutamtaja, alitupa cherehani na majora ya kitambaa: tushone sare za shule, atuuzie, na tusimshonee mtu mwingine bila ruhusa yake. Tulikuwa tumetoka tu chuo cha ushonaji. Tukaona Mungu amejibu, tukasaini chai haijapoa.

Shida ilikuwa Juni. Kama ninyi wa visiwani mnavyongoja karafuu, Kyela tunangoja mpunga. Ukishavunwa, ndipo mama anaposhona ya harusi, ya kipaimara, sare ya kikoba. Walikuja na vitenge kwapani, tukawaelekeza kwa jirani. Mmoja wetu alimshonea shangazi yake gauni usiku, pazia limeshushwa, kama anayeiba.

Na hela ya sare ilichelewa, miezi mingine haikuja kabisa. Tuliita hiyo subira. Tuliifungia na kuiombea kila Jumatano. Tulipenda kumtaja Hana, mama yake Samweli, jinsi alivyosubiri mtoto, lakini tulikuwa tunaruka kipande kimoja: Hana aliinuka akaenda mwenyewe kumlilia Mungu, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Hakukaa kimya. Na Spice, pamoja na nyimbo zake zile, hakukaa kimya pia.

Basi tukaipeleka karatasi kwa mwalimu mmoja mstaafu. Akavaa miwani, akasoma, akaigeuza. Kuigeuza tu! Nyuma kulikuwa na mistari miwili: upande wowote unaweza kujitoa kwa taarifa ya mwezi mmoja. Miaka mitatu hatukuwahi kugeuza karatasi. Tulicheka, kisha mmoja wetu akalia, na hakuna aliyembembeleza maana wote tulikuwa karibu.

Kuondoka hakukuwa rahisi. Cherehani zilirudi kwa mwenyewe, madai yetu mengine hatujalipwa mpaka leo. Tukaanza na Singer ya zamani ya mama wa mwenzetu, watu watatu kwa zamu, wa zamu ya usiku akishindana na mvua na umeme wa kukatika. Sasa tuna mbili zetu, ya tatu tunailipia kidogo kidogo.

Juni iliyopita mama mmoja wa Ipinda alikuja kuchukua sare za kikoba chao, simu ikiwa inaimba. Akauliza huyo binti anasema nini kwa ukali hivyo. Tukatazamana.

Tukamwambia anadai chake.