Kinga Yetu Kandokando ya Kijito

Sisi watu wa Kakanda tunaijua barabara ya mavumbi. Wakati wa kiangazi, kamyo ikipita na mawe ya mgodi, mwenye kinga anashuka, anasimama pembeni, anafumba macho na mdomo, anangoja. Na kinga kwetu si mchezo. Ni punda wa jamaa: inabeba makala, inabeba unga, inabeba mgonjwa. Lakini barabara ni ya mwenye nguvu, na mwenye kinga si mwenye nguvu.

Jirani yangu ana kijana wa miaka 14. Asubuhi moja, kabla ya jua, alikuwa anarudi na magunia mawili ya makala. Kamyo moja ilimsukuma pembeni, haikusimama. Mguu ulivunjika. Mguu ule umepona, lakini woga haukupona. Kinga yake ilibaki imeegemea ukuta, kuku wanalala juu yake.

Basi niliposafiri kwenda Nairobi, katika Kenya, kwa mkutano wa walimu wa dini, yeye alikuja kuniaga. Akauliza: "Mwalimu, kule bantu banapandaka kinga bila kuogopa makamyo?" Nikamjibu: "Mwanangu, nitakuangalilia." Habari hii ni jibu langu.

Nilipoomba kinga

Nairobi ni mji wa magari. Siku ya kwanza nilisema moyoni, kijana wangu hapa hangepona hata saa moja. Lakini siku ya mapumziko wenyeji wetu walitupeleka kwenye msitu wa Karura, upande wa kaskazini wa mji. Tuliingia kwa mlango wa barabara ya Limuru. Pale ndipo magari yanaachwa, na pale kuna kinga za kukodi.

Nikamwambia kijana anayekodisha: "Ndugu, naomba kinga." Akaniangalia, akaingia ndani, akatoka na kofia ngumu. "Kinga ndiyo hii, mzee." Wenzangu walicheka mpaka machozi. Kwao kinga ni kitu cha kukulinda usiumie. Kitu chetu cha magurudumu mawili wao wanakiita baiskeli tu. Nikachukua vyote viwili, na nikaanza kufikiri kama jina letu si zuri kuliko lao.

Ndani ya msitu kuna njia za udongo mwekundu, zaidi ya kilometa 50 ukizijumlisha zote, za watu wa miguu na za wenye kinga. Kwenye njia panda kuna vibao vyenye namba, hata mgeni hapotei. Hakuna honi. Unasikia mnyororo wako mwenyewe unazunguka, unasikia ndege, unasikia watoto wanaitana. Juu ya miti tuliona mbega, wale nyani weusi wenye manyoya marefu meupe. Waliletwa tena kutoka msitu wa Kipipiri baada ya kutoweka hapa.

Njia inateremka mpaka kwenye mto Karura. Si mto mkubwa. Kwetu tungeuita kijito. Tuliacha kinga zetu juu, tukashuka kwa miguu mpaka kwenye maporomoko yenye urefu wa meta 15 hivi. Karibu yake kuna mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika miaka ya 1950. Maji haya yanakwenda kuungana na mto wa Nairobi, kisha na mto Athi, na mwishowe yanaingia baharini karibu na Malindi. Lakini yanapita kwanza penye nyumba nyingi za mji, kwa hiyo tuliambiwa tuyatazame tu, tusiyanywe.

Damu kwa ajili ya miti

Usifikiri, msomaji, kwamba njia hizi zilitoka mbinguni. Karura uliandikwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Una zaidi ya hektari 1,000. Katika miaka ya 1990 vipande vyake vilianza kugawanywa kwa siri kwa watu wenye mikono mirefu, ili wajenge majumba.

Mama mmoja alikataa. Ni Wangari Maathai, aliyeanzisha chama cha Green Belt Movement mwaka 1977 ili kina mama wapande miti. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda miti Karura. Walikuta kundi la watu linawangoja kuwapiga. Mama alipasuliwa kichwa. Alikwenda polisi kushitaki huku damu inatoka, na karatasi ya mashitaka aliitia alama kwa damu ile ile. Habari ilizunguka dunia. Mwezi wa nane wa mwaka huo, Rais Daniel arap Moi alisimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 mama Wangari alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011.

Kwa nini sasa hakuna woga

Lakini sikia jambo hili, maana ndilo nililokwenda kulichuma. Hata baada ya miti kuokoka, watu waliogopa kuingia Karura. Ulikuwa msitu wa wanyang'anyi. Msitu uliokolewa, lakini njia haikuwa bado salama.

Kilichogeuza mambo ni majirani. Sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliruhusu raia kuunda vyama vya kulinda misitu pamoja na serikali. Chama cha Friends of Karura Forest kilishikana na Idara ya Misitu ya Kenya. Walizungusha uzio. Wakaajiri walinzi kutoka vitongoji vya jirani kama Huruma, mahali watu walipozoea kutoka kwenda kukata kuni. Aliyeingia zamani kwa shoka, sasa anaingia kwa kazi ya ulinzi. Kisha wakafungua njia. Jamaa zikaanza kuja, watoto, wazee, wenye kinga. Na penye watu wengi wa amani, mwizi hapendi kukaa.

Nikaelewa. Kijito kinalinda njia, kwa sababu penye bonde lenye kuheshimiwa kamyo haliingii. Na njia inalinda kijito, kwa sababu watu wakipita kila siku, mwenye kukata mti kwa wizi anaonekana. Vitu hivi viwili ni kitu kimoja.

Tahadhari kwa vijana

Bonde lina hatari yake pia. Wenyeji walitukumbusha habari ya Hell's Gate, mbuga nyingine ya Kenya karibu na Naivasha, ambapo pia wageni wanapanda kinga. Mwezi wa nne mwaka 2012, vijana 7 wa kikundi cha kanisa walikufa katika korongo la pale. Mvua ilinyesha, na maji yakajaa ghafula. Basi, wakati wa mvua, usiangalie tu mawingu yaliyo juu ya kichwa chako. Angalia upande maji yanakotoka. Ukiona maji yanageuka rangi ya matope, panda juu mara moja, acha kinga. Kinga inanunuliwa tena.

Na sisi huku?

Mtu atasema: Nairobi ni Nairobi, sisi tutafanya je? Lakini Katanga nayo ina mabonde ya kulindwa. Mwaka 1982, UNESCO iliandika sehemu ya bonde la Lufira kuwa hifadhi ya dunia. Karatasi ipo, na bado miti inageuka makala. Karura pia ulikuwa na karatasi tangu 1932. Karatasi haikumzuia mwenye shoka. Mtu ndiye aliyemzuia.

Niliporudi, tulikaa na vijana wa parokia. Hatukuwa na feza za uzio wala za walinzi. Tulikuwa na majembe, na ile njia ya zamani inayopita pembeni ya dembo, ambayo kina mama wanaifuata kwenda mashambani. Kamyo haiwezi kupita pale. Jumamosi tatu tulikata majani, tukajaza mashimo, tukaweka magogo mahali penye matope. Tuliongea na kina mama wenye mashamba ili waache hatua kumi bila kulima kando ya maji. Mama mmoja alikasirika. "Hatua kumi zile njo mboga ya batoto bangu!" Alikuwa na haki. Tukamsaidia kufungua kipande kingine juu zaidi, ndipo akakubali. Hakuna anayelinda kijito kwa njaa.

Ninyi wa Kambove, wa Likasi, wa Fungurume, wa Kolwezi: kijito chenu ni kipi, na njia ya pembeni yake iko katika hali gani? Anzeni kwa kuitembea kwa miguu, wakubwa na vijana pamoja. Mtaona wenyewe mahali pa kutia jembe, na mtu wa kuongea naye kwanza.

Jumamosi ya nne kijana wa jirani yangu aliwafukuza kuku, akatia upepo kwenye mipira, akaja. Mwanzo alikuwa anashika breki kila mara. Baada ya kona ya kwanza akaziachilia. Tulimsikia anaimba mbele yetu, mpaka mahali njia inapotokea kwenye barabara kubwa.

Pale alishuka. Kipande kile, kama meta mia tatu mpaka nyumbani, bado anasukuma kinga kwa mkono.